Barua kwa Mwanangu: Siku Bibi Yako Alipoandikwa Asiyejiweza

Mvumi, Dodoma

Mwanangu mpendwa,

Mbukwa. Sisi huku ni wazima. Goti la mama yako limetulia, na mtama umeanza kushika punje, kwa hiyo asubuhi zangu zote ni za kufukuza kwelea kwelea.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa shambani, nikaukata katikati, maana nilisikia sauti inakutetemeka, nikaona hilo si neno la kusikiliza huku nimeshika jembe. Ningeweza kukupigia. Lakini kwenye simu mimi husema ya haraka, nawe hukuniuliza jambo la haraka. Ndiyo maana nimetafuta daftari.

Uliniuliza hivi: "Baba, kama kweli tunaokolewa kwa neema, mbona kila siku naamka najiona nadaiwa?" Kisha ukanieleza yaliyokupata huko Dar es Salaam. Kwamba ulitoka zamu ya usiku wodi ya wazazi, ukaenda mkesha wa kanisani kwenu usiku uliofuata, na wa pili, na usiku wa tatu usingizi ukakushinda ukiwa umepiga magoti. Kwamba viongozi wa maombi walikuambia umepoa, wakakusimamisha huduma mpaka umalize mfungo wa siku 21. Kwamba siku ya tisa ulianguka kazini, na wenzako wakakutundikia dripu. Na baada ya hayo yote bado unaniuliza ufanye nini zaidi.

Mwanangu, kabla ya lolote jingine: kulala usingizi baada ya kuzalisha akina mama usiku kucha si dhambi. Eliya alipochoka mpaka akaomba afe, alijilaza chini ya mretemu akasinzia. Soma tena 1 Wafalme 19. Malaika hakumwambia umepoa. Alimgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena, na malaika akarudi mara ya pili na maneno yaleyale: inuka, ule. Mlima na sauti ndogo vilikuja baadaye. Kwa hiyo ukiwa bado umefunga unaposoma barua hii, iweke pembeni, upike uji, unywe, ndipo uendelee.

Sasa nikukumbushe jambo uliloliona kwa macho yako, ingawa ulikuwa na miaka kumi na sidhani kama ulielewa uzito wake.

Mwaka 2005 tulilima kuliko mwaka wowote ninaoukumbuka. Baba zako wadogo walifyeka mpaka kule korongoni. Mvua zikanyesha mara mbili, zikaondoka, na mtama ukakauka ukiwa kimo cha goti. Ilipofika 2006 njaa ilikuwa imeingia kila nyumba. Serikali ikaleta mahindi. Utaratibu kijijini kwa bibi yako ulikuwa kwamba mwenye uwezo kidogo anunue kwa bei ya chini, na wasiojiweza wapewe bure. Mtendaji wa kijiji akapita kaya kwa kaya na daftari kubwa, akifuatana na mwenyekiti wa kitongoji.

Walipofika kwa bibi yako, aliwafukuza. Hakuwatukana, unamjua hakuwa mtu wa matusi. Aliingia ndani akatoka na jembe lake, lile lililolika mpaka likabaki kama kiganja cha mkono, akaliweka mbele yao chini. Akasema, "Nimelea watoto saba kwa hili. Leo mniandike asiyejiweza?" Yule kijana mtendaji akabaki ameinua kalamu. Wakaondoka.

Mimi wakati huo nilikuwa nafundisha mbali, na debe nililokuwa namtumia mwisho wa mwezi nilidhani linamtosha. Kumbe alikuwa anawagawia wajukuu wa jirani. Tulipokwenda kumwona, mimi na wewe, alitukaribisha kwa furaha, akasema ameshakula, tusihangaike. Wewe ndiye uliyefunua chungu, mtoto wa watu, ukitafuta chakula. Ndani mlikuwa na mlenda mtupu, umechemshwa na maji mengi. Ugali haukuwapo, na kinu kilikuwa na utando wa buibui. Nakumbuka ulivyonigeukia ukiwa umeshika mfuniko.

Nilimsihi mpaka jioni. Alikuwa na swali moja tu, analirudia: "Nitalipa na nini?" Kesho yake yule mtendaji akaja tena, akachuchumaa mbele yake, akamwambia, "Bibi, hakuna anayekudai. Taja jina tu." Bibi alinyamaza muda mrefu sana. Kisha akalitaja jina lake, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo. Akabonyeza dole gumba kwenye wino, akaligandamiza kwenye daftari. Jioni nzima alikuwa akilifuta lile dole kwenye khanga, na wino hautoki.

Nimefikiri juu ya lile dole gumba zaidi ya mahubiri mengi niliyoyasikia. Tangu nikiwa kijana nilikuwa mzee wa kanisa, nimesoma Waefeso 2 mbele ya watu mara zisizohesabika: "Kwa maana mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu." Lakini sikuwa nimeona jinsi ilivyo vigumu kwa mtu mchapakazi kupokea kipawa. Mvivu hupokea upesi. Anayeumia ni yule aliyejitegemea maisha yote, kwa sababu kupokea kunamtaka kwanza akubali jina ambalo hakulitaka. Paulo anapowaandikia Warumi kwamba Kristo alikufa "hapo tulipokuwa hatuna nguvu," mimi nasoma palepale: hapo tulipokuwa wasiojiweza. Ni daftari lilelile. Sote tumo, pamoja na askofu, pamoja na hao viongozi wako wa maombi. Tofauti ni kwamba wengine tumeshabonyeza dole na wengine bado tumesimama mlangoni na jembe.

Na wewe, binti yangu, nadhani ulibonyeza dole zamani, ulipokuwa kidato cha pili, nakumbuka siku ile. Shida yako ni kwamba mtu amekuambia baadaye kwamba mahindi yale yalikuwa mkopo.

Jambo hili si geni. Zaidi ya miaka 1,600 iliyopita alikuwapo mtu wa Uingereza aliyeitwa Pelagius, akifundisha Roma. Hakuwa mtu mbaya. Aliwaona Wakristo wa mjini wamelegea, wanaishi wapendavyo, akachukizwa, akawahimiza kwamba Mungu akiamuru jambo basi mtu anayo nguvu ya kulitenda, akaze tu nia. Ukimsikiliza upesi utaona anasema kweli. Aliyempinga alikuwa Mwafrika, Augustino, askofu wa Hippo, mji ambao leo uko Algeria. Augustino alikuwa amejaribu kukaza nia kwa miaka mingi, huku mama yake Monika akimlilia Mungu, na alijua nia yenyewe ndiyo iliyokuwa mgonjwa. Alikuwa na ombi moja: Bwana, nipe unachoniamuru, kisha niamuru utakalo. Pelagius aliposikia ombi hilo likisomwa alikasirika, akaona linawapa watu ruhusa ya kukaa bure. Mwaka 418 maaskofu wa Afrika walikutana Karthago, wakayakataa mafundisho ya Pelagius. Nakuandikia haya ili ujue kwamba unayoambiwa huko, kwamba Mungu anangoja uongeze bidii ndipo akugeuzie uso, kanisa lilishayapima, tena hapahapa Afrika, likasema hapana.

Luther naye, alipokuwa mtawa kijana, alikuwa akiungama kwa saa nyingi mfululizo mpaka mkubwa wake, Staupitz, akachoka kumsikiliza. Akitoka tu anakumbuka dhambi nyingine, anarudi. Alifunga, alikesha, alilala kwenye baridi. Nikisoma habari zake nakuona wewe na siku zako 21.

Najua utaniuliza, maana wewe huachi kitu: Baba, basi tukae tu? Na Yakobo aliyesema imani isiyo na matendo imekufa?

Subiri kwanza. Hujasikia mwisho wa habari ya bibi.

Alikula yale mahindi wiki mbili, ugali na mlenda, na sura yake ikarudi. Mwezi wa tatu zikaja mvua chache. Asubuhi moja majirani wakasikia jembe linagonga ardhi, kabla hata jogoo hajawika mara ya pili. Walimkuta bibi yako amekwisha kupanda kunde nyuma ya nyumba na ameanza kutifua upande wa uwele. Wakamwambia apumzike, mahindi ya msaada bado yapo. Akawajibu, "Juzi sikuwa na nguvu ya kushika mpini. Sasa ninayo." Jembe lilikuwa lilelile alilowaonyesha wale watu kuwa ushahidi kwamba hahitaji kitu. Mwezi mmoja alilishika ajitetee nalo. Mwezi mwingine alilishika kwa sababu tumbo lake lina kitu. Hakuna aliyekuwa amemwambia, "lima, la sivyo jina lako tutalifuta."

Hivyo ndivyo ninavyomwelewa Paulo anapowaambia Wafilipi, "utimizeni wokovu wenu wenyewe kwa kuogopa na kutetemeka." Wengi huishia hapo, na hapo kweli panatisha. Lakini yeye hakuweka nukta ya mwisho pale: "Kwa maana ndiye Mungu atendaye kazi ndani yenu, kutaka kwenu na kutenda kwenu." Hata ile hamu ya kuamka na kuomba, ukiipata, ni unga wa lile ghala. Na kwa Wakorintho anasema alifanya kazi kuliko mitume wote, kisha papo hapo anajirekebisha: "wala si mimi, bali ni neema ya Mungu pamoja nami." Huyu si mtu aliyekaa. Yakobo hapingani naye. Yakobo anamtazama mtu anayedai ameshiba huku jembe lake lina kutu mwaka wa kumi, anamwambia, hebu nionyeshe hicho ulichokula. Nami nawajua wa namna hiyo hapa kwetu, wanaoimba neema Jumapili na Jumatatu wanamnyima mjane haki ya shamba lake. Hao wapelekewe Yakobo. Wewe si wa kundi hilo. Mtu aliyeanguka wodini kwa njaa hapelekewi barua ya wavivu.

Hata lugha yetu inalijua hili. Sisi Wagogo hatuuiti mwaka wa neema ule tuliolima zaidi. Tuliolima zaidi ulikuwa 2005. Mwaka wa neema ni ule mvua iliponyesha.

Sasa nifike mahali palipofanya nichukue siku nne kuandika barua hii. Ningeweza kuwalaumu viongozi wako, na kwa kweli jambo walilokutendea limeniudhi. Lakini nilipoisikiliza sauti yako mara ya tatu, nilisikia kitu ambacho hakikuanzia Dar es Salaam. Kilianzia sebuleni kwangu.

Unaikumbuka ile karatasi ya manila ukutani, juu ya redio? Majina yenu manne, na mistari: sala ya asubuhi, mstari wa moyoni, kufagia, kuteka maji. Nilikuwa natia vyema kwa kalamu nyekundu kila jioni, mwalimu hata nyumbani. Nilidhani nawalea katika Bwana. Kisha ukafika darasa la saba, ukaleta matokeo ya mtihani wa kujipima, wastani wa 38. Sikukupiga. Ningekupiga labda ingekuwa nafuu. Nilinyamaza. Siku mbili sikusema nawe neno. Siku ya kwanza uliamka gizani ukafagia uwanja wote, mpaka chini ya mwembe ambako hakukuwa zamu yako. Siku ya pili ulifagia tena, ukateka ndoo mbili, ukachukua viatu vyangu vya shule, ukavifuta, ukavipaka rangi, ukaviweka mlangoni vimepangwa sambamba, ukasimama pembeni. Nilivivaa. Nikapita. Siku ya tatu ulisema mstari wako wa moyoni bila kukosea, ndipo nikakuitikia.

Nilijifunza nini kwa kukufanyia vile sijui, lakini najua nilikufundisha nini wewe. Nilikufundisha kwamba uso wa baba una bei. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuongoza kusema "Baba yetu uliye mbinguni," ulichukua sura yangu ukambandika Yeye. Ulipofika mjini ukakutana na watu wenye karatasi ya manila kubwa zaidi, ukaona uko nyumbani.

Nisamehe, mwanangu. Viatu vile bado naviona. Nimemwomba Mungu msamaha mara nyingi, na naamini amenisamehe, lakini wewe sikuwahi kukuomba, nami nakuomba sasa. Mama yako nimemweleza, alilia, akasema aliiona siku ile na hakujua aseme nini.

Ukitaka kumjua Baba jinsi alivyo, usinitazame mimi, soma Luka 15 taratibu. Watu husimulia sana habari za yule mdogo aliyelisha nguruwe. Wewe msome mkubwa. Amesimama nje, sherehe inaendelea ndani, na maneno yake ya kwanza kwa baba yake ni hesabu: "nimekutumikia miaka mingapi hii." Amekaa nyumbani miaka yote kama kibarua anayengoja ujira. Na baba hakumnyamazia siku mbili. Alitoka nje akamsihi. Akamwita mwanangu. Akamwambia, "vyote nilivyo navyo ni vyako." Vilikuwa vyake tangu alipozaliwa, kabla hajashika jembe siku hata moja.

Kuhusu hapo kanisani, usiondoke kwa hasira wala usiwadharau. Waambie kwa heshima kwamba mfungo umeukatisha kwa ushauri wa daktari na wa baba yako. Kufunga ni kuzuri, Bwana mwenyewe alisema "mfungapo," nami bado nafunga Ijumaa. Ila usifunge tena kulipa. Wakikuondoa kabisa kwenye kundi, mahali pa kuomba huna shida napo. Kwa miezi hii ningependa uende mahali ambapo unapokea Ushirika Mtakatifu, hata ukakae kiti cha nyuma. Unaijua ile sala yetu kabla ya kukaribia meza, kwamba hatustahili hata kuokota makombo yaliyo chini yake. Baada ya kuisema tunakwenda mbele tumekunjua viganja, hakuna kitu ndani, na tunapewa. Bibi yako baada ya mwaka ule alikuwa akikunjua vyake kuliko mtu yeyote niliyemwona, vimepasukapasuka, anaviinua juu kama mtoto.

Sala yako ikiwa fupi, iwe fupi. Ukitoka zamu umechoka, sema "Baba," ulale. Usiku ule unapomshika mama mkono mpaka mtoto analia, usidhani hiyo ni saa uliyomwibia Mungu.

Neno la mwisho. Mdogo wako ameniambia kwa nini hukuja Krismasi. Kwamba hukuwa na kitu mkononi, ukaona aibu kufika nyumbani bila mchele, bila khanga ya mama, bila chochote. Iliniuma kuliko habari ya mkesha.

Pasaka hii omba ruhusa uje. Panda treni ya SGR, mimi nitakungoja stesheni Dodoma hata ukichelewa. Usibebe kitu. Nimemwambia mama yako, na wadogo zako nimewaambia, hakuna atakayekupokea mzigo kwa sababu hutakuwa nao. Kunde ziko tele mwaka huu. Na asubuhi usiamke gizani. Uwanja nitaufagia mimi.

Ni mimi,
Baba yako